Mboga za Mavi

Ndalu, Jumamosi, Mei 1989

Ati mboga za mavi. Tangu nianze kumwagia sukuma wiki samadi ya ng'ombe, mama mkwe amenitangaza mpaka kanisani. "Mavi ya ng'ombe ni ya kupaka nyumba," anasema, "si ya kulisha watu." Nyumba yake anaipaka kila Ijumaa na analala ndani vizuri sana. Lakini sukuma yangu ndiyo chafu.

Nilimweleza kwamba hiyo samadi niliifunika na majani ya ndizi mpaka ikaoza, hainuki tena. Akacheka. "Mwalimu wa mavi! Zikinyauka kama za mwaka jana, narudisha mahindi yangu kwenye hicho kipande nilichokuazima."

Hilo ndilo limekuwa likininyima usingizi. Nekesa wangu ameacha kunyonya, na baba yake yuko Kitale kwa kibarua. Bila hicho kipande, nitampa ugali na nini? Chumvi?

Leo jioni natoka kisimani, namkuta mama mkwe katikati ya sukuma yangu, leso imejaa majani mapana kama sahani.

"Karibu mboga za mavi, mama."

"Si naangalia tu kama zinanuka."

"Zinanuka?"

"Sijajua. Mpaka nipike."

Masikini, uchunguzi umemchosha. Amepika, amekula, na Nekesa amerudi kutoka kwake mdomo mafuta tupu. Kisha ameniita. "Mama Nekesa, hapo kando ya zizi pia ulime. Lakini mavi ya Ijumaa uniachie, nisikose ya kupaka nyumba."

Nimejibu, ndiyo mama. Kesho kanisani sijui atatangaza nini.