Chumba cha Sita

Nyumba ya Babu,
Nyuma ya Posta.
Jumapili, 9 Juni.

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Magoti yako yanaendeleaje na hiyo baridi? Sisi huku tu wazima, ila usingizi umepungua, na sababu yake ndiyo iliyonifanya nishike kalamu. Tafadhali keti kwanza.

Chiriku, binti yangu, bado anaongea kutwa nzima kama jina tulilombandika. Shuleni wameanza kugawanya sehemu kwa sehemu, naye akarudi amenuna: "Mama, nagawanya, halafu jibu linakuwa kubwa. Mwalimu anatudanganya." Nikaona nimwonyeshe kwa macho.

Nilikata kamba yenye urefu wa nyumba nzima. Hiyo ndiyo moja. Tukaikunja mara tatu, tukapata vipande vinane vilivyo sawa, na kipande kimoja kikalingana barabara na upana wa chumba kimoja. Unakumbuka korido inakula robo tatu ya nyumba, milango yote upande mmoja, na sebule inachukua iliyobaki. Nikamwambia kugawanya robo tatu kwa moja ya nane ni kuuliza tu: vyumba vya namna hii vinaingia vingapi koridoni? Akatambaa sakafuni akipima na kutia alama za chaki.

"Sita," akasema, amefurahi. Kisha akainua macho. "Mbona milango ni mitano?"

Nilidhani tumekosea, tukarudia. Kila mara kipande kimoja kiliangukia penye ukuta mtupu, kati ya chumba cha Baba na stoo. Chiriku akabandika sikio pale, akanyamaza, na wewe unajua kunyamaza kwake si jambo dogo. "Kuna mtu ameshusha pumzi," akaninong'oneza.

Kumbe Baba alikuwa amesimama nyuma yetu. Nilitegemea acheke. Akasema tu, "Mtoto kapata hesabu yake. Mwiteni fundi."

Mwashi alivunja mchana kweupe, sote tukitazama. Humo mna kitanda kidogo kilichotandikwa, na ndara za mtoto zimepangwa pamoja, zimeelekea pale palipokuwa na mlango. Vumbi limejaa kila mahali, Shangazi, isipokuwa kwenye mto. Mto ulikuwa umebonyea katikati. Fundi alikusanya vyombo vyake akaaga, hata chai hakunywa.

Sasa lile ambalo Baba ameniomba nikuandikie kwa niaba yake. Wewe na Baba hamkuzaliwa wawili tu. Mlikuwa na dada mkubwa. Aliugua, akatengwa chumbani humo, akafia humo; wewe ulikuwa bado unanyonya. Babu aliporudi kutoka kuzika aliziba mlango na kukataza jina lake lisitajwe tena ndani ya nyumba hii. Baba alikuwa mdogo, akatii, mwisho akazoea kutii. Miaka yote kichwa cha kitanda chake kimeegemea ukuta ule, nami sikuwahi kujiuliza kwa nini. "Mwambie dada yetu alikuwa akimbeba yeye mgongoni," amesema, "na dada alipougua alimlilia yeye kuliko mama."

Mume wangu anataka tuzibe tena. Baba hataki kusikia. Kila alasiri huingia, hukaa sakafuni kando ya kitanda na kuzungumza. Mwanzoni nilisema moyoni ni uzee. Juzi nilipita na nguo za kuanika, nikamsikia akisimulia habari zako: ndoa yako, wanao, safari uliyokwenda ukabaki huko. Akanyamaza, kama mtu anayeulizwa swali refu. Kisha akajibu kwa upole, "Ndiyo, bado yu hai. Atakuja."

Nisalimie mzee wako na binamu zangu wote, hasa yule kitindamimba. Chiriku anakuamkia. Mungu akulaze salama na akuamshe salama, popote utakapoweka kichwa.

Ni mimi mwanao, nikupendaye na nikungojaye,
Binti wa kaka yako