Spika Ilizimwa na Mshumaa Wangu, Si na Mungu

Kanyangi, 4 Juni 1991

Mpendwa Mshauri,

Jambo hili sijamwambia mtu, hata mama, ambaye mimi humwambia karibu kila kitu: spika ya kanisa letu haikuzimwa na Mungu Jumapili ile, niliizima mimi.

Niko kidato cha pili, napenda fizikia kuliko kusema mbele ya watu, na kwa kuwa kanisani walijua hivyo walinipa waya wa spika uliokuwa umekatika niuunganishe, nami nikafurahi mno, nikaazima chuma cha kulehemu kwa fundi wa bati, kile kinachotiwa kwenye makaa, nikalehemu nyuzi zote mbili vizuri kabisa, na mwalimu wetu wa fizikia, Bwana Njogu, akanipa mrija mweusi wa plastiki ambao ukipashwa joto husinyaa na kuubana waya, akaniambia, "Joto, msichana, si moto," lakini hakusema joto la nini, nami nikaona haya kuuliza.

Nilitafuta kitabuni, kikasema tu nitumie chanzo cha joto kinachofaa. Nikajaribu kiberiti, kikaniunguza kidole na mrija ukasinyaa upande mmoja. Nikajaribu koroboi, ikapaka masizi kila mahali. Nilipotumwa Kitui mjini niliingia saloni ya Waithera nikamwomba mashine ya kukaushia nywele, akaniuliza, "Unataka kuseti nywele za waya?" na wateja wake wakacheka, nikaipuliza kidogo tu, mrija haukushtuka, nikatoka mbio. Mwishowe nilitumia mshumaa. Mrija ulisinyaa upesi, ukawa mgumu na wa kung'aa. Niliona ufa mdogo. Nikasema, utatosha.

Jumapili, Mzee Ndeti, ambaye ni mwalimu wa kwaya, alisimama kutoa ushuhuda. Wakati huo watu walikuwa wakinong'ona kwamba alionekana Matinyani, kwenye sherehe ya mahari ya mpwa wake, ameshika kibuyu cha uki, ile pombe yetu ya asali. Akasema kwenye maikrofoni, "Tangu niokoke, uki sijaonja hata tone!" akapiga hatua mbele, akakanyaga waya, na spika ikalia PAA! Moshi mwembamba ukatoka kwenye amplifaya, kisha kimya. Mama Muthoki akaruka kutoka benchi la akina mama: "Mungu amejibu!" Nusu ya kanisa ikacheka na nusu ikaanza kuomba.

Nilipeleka waya nyumbani nikakuta mrija umepasuka na nyuzi zimegusana. Nikabadilisha fyuzi iliyoungua, nikazungushia utepe, nikanyamaza. Sasa watoto wakimwona Mzee Ndeti barabarani wanapaza sauti, "Paa!" Ameacha kuja mazoezini, na Jumapili ya mwisho wa mwezi huu kamati itaamua kama ataondolewa kwenye kwaya aliyoianzisha mwenyewe. Kinachoniuma zaidi ni kwamba ameanza kuamini. Nilimsikia akimwambia mchungaji, "Labda ule uji niliopewa Matinyani ulikuwa umechacha. Bwana anajua kuliko mimi."

Kwa hivyo naomba uniambie, ni joto gani linalofaa? Nikiunganisha waya upya kabla ya siku hiyo, spika haitazimika tena, na labda watu watasahau. Nimetia vipande vitano vya mrija ndani ya bahasha.

Mwenye Haya

* * *

Mwenye Haya, mwanangu,

Barua yako ilikuwa na kurasa sita kabla sijaipunguza. Kurasa nne ni za joto. Mzee wa watu ulimpa moja na nusu, tena ya mwisho. Nimekuona.

Lakini uliuliza, basi nikujibu. Kazi yangu mimi ni wakwe na waume, si nyaya, hata hivyo nilikaa na vipande vyako nikaharibu vitatu na ukucha mmoja. Mshumaa unaunguza mrija kabla haujamaliza kusinyaa, ndiyo maana ulipata ufa. Mashine ya nywele ni ya nywele. Joto lake kwa mrija wako halifiki. Nikamwendea Kahiga anayetengeneza redio mkabala na ofisi yetu, akacheka mpaka akaketi. "Mama, si joto analo mkononi? Chuma kile kile cha kulehemu!" Ukishalehemu, kirudishe makaani kidogo, kisha ulaze ubavu wake karibu na mrija bila kuugusa, huku ukizungusha waya polepole, ukianzia katikati kwenda pembeni. Kila uzi na mrija wake. Na uvishe mrija kabla ya kulehemu, maana mimi nilisahau na ikabidi nianze upya. Kipande cha nne kilibana kama soksi mpya.

Haya. Sasa tusemezane vizuri.

Waya mzuri utamsaidia nini Mzee Ndeti? Fikiri, wewe mpenda fizikia. Kamati ikimwondoa, kisha spika iimbe bila kukatika, Mama Muthoki atasema nini? Atasema Mungu ameridhika! Kazi yako safi itakuwa shahidi wa pili dhidi yake.

Najua haya ni kitu kizito. Mimi nikiwa na umri wako nilikuwa nikipita nyuma ya nyumba nisiwasalimu wageni. Lakini mtu mzima anatafuta dhambi kwenye bakuli la uji kwa sababu wewe unaogopa kutazamwa kwa dakika tatu. Hapana, mwanangu. Hilo sikubali.

Nenda kwake wewe mwenyewe, kabla ya Jumapili ya kamati, mchana, na ule mrija uliopasuka mkononi. Usitume barua. Usianze na habari za plastiki, anza na "nilikosea." Kisha mwende pamoja kwa mchungaji, na kanisani useme hayo hayo. Jibu hili nakutumia kwa posta kwanza. Gazetini litangoja mpaka uniandikie kwamba umekwenda.

Mshauri wako

* * *

Kanyangi, 1 Julai 1991

Mpendwa Mshauri,

Nilikwenda Jumatano baada ya shule. Mzee Ndeti alikuwa akipura pojo. Nilisema "nilikosea" halafu maneno mengine yakagoma, kwa hivyo nikampa mrija. Aliugeuzageuza. Nikamweleza. Akauliza, "Kwa hivyo uji ulikuwa uji?" Nikasema, "Ndiyo, mzee." Alicheka mpaka mkewe akatoka jikoni kuuliza kuna nini, kisha akajifuta macho, akasema nimemkosesha usingizi kwa majuma matano.

Jana nilisimama kanisani. Niliingia kidogo kwenye habari za plastiki na mchungaji akasema, "Fupisha, binti." Nikafupisha. Mama Muthoki aliuliza kwa sauti, "Basi Mungu hakujibu?" Mzee Ndeti akamwambia, "Mama, ulijibu wewe." Watu walicheka, naye pia akacheka, ingawa si sana. Kamati haikukutana.

Unaweza kuchapa, na majina yetu uyaache yalivyo, Mzee amekubali.

Baada ya ibada watu walienda nyumbani, nami nikawasha jiko nyuma ya kanisa, nikavisha mirija, nikalehemu, nikasogeza chuma karibu. Mikono yangu miwili haikutosha. Mzee Ndeti alichuchumaa akashika waya, akawa anauzungusha kila nilipomwambia zungusha.

Ndila