Tangazo la Safari ya Neema

Jumatatu, 5 Oktoba

Zamu ya asubuhi. Mashine namba sita imegoma tena. Nimeibembeleza hadi ikakubali. Miaka tisa nahudumia mashine za kusafisha damu ya wagonjwa wa figo hapa Houston, najua kila moja na visirani vyake.

Ghorofa ya tano imehamishwa wagonjwa wote. Vitanda vimetandikwa, vitupu, vinasubiri majeruhi wa vita. Lini? Hakuna anayejua. Runinga ya chumba cha chai inasema tumeingia vitani. Sijui kama na mimi ni mmoja wao hao walioingia. Karatasi za uraia ninazo. Bado sijui.

Jioni, nyumbani Pearland, Neema akapiga simu kutoka Fort Worth. Binti yetu wa pekee. Mhudumu wa afya katika jeshi la akiba. Alijiunga ili jeshi limlipie chuo, tukapiga picha, tukala keki. Sasa wameitwa. Akataja siku, saa, na kambi watakayoondokea.

"Dad, hii ni ya wewe na Mum tu. Please."

Nikasema sawa. Nilitaka kumwuliza anakwenda kupigana na nani hasa. Nikaona aibu.

Jumanne, 6 Oktoba

Mama Neema anapiga pasi sare zake za uuguzi. Zote. Hata zilizokwisha kupigwa.

Jumatano, 7 Oktoba

Nimeandika tangazo.

Kwetu mtu hasafiri bila kuombewa. Hata anayekwenda Nairobi wiki mbili kuzika tunamwombea, tunataja ndege na saa ya kuruka, ili watu wajue waanze kupiga magoti saa ngapi. Sasa mtoto wangu aende vitani kimyakimya kama mwizi? Na mimi ndiye katibu wa kikundi cha maombi cha Wakenya wa Houston na Dallas! Kikundi kiko kwenye simu, na sifa yangu humo ni moja: tangazo langu halina pengo. Siku, saa, mahali. Mtu akileta lisilo na tarehe namrudishia mbele ya wote. Wananiogopa kidogo. Sichukii.

Basi nikaandika yote. Siku, saa, kambi. Nikaweka na picha yake ya sare. Nikajiambia maombi si umbea.

Amina zikamiminika mpaka simu ikapata joto. Mama Neema alikuwa kazini, sikumwuliza.

Ijumaa, 9 Oktoba

Binamu yangu wa Voi kanitumia ujumbe. Huyu si Neema wetu? Chini yake, tangazo langu neno kwa neno, picha na yote. Amelipata kwenye kikundi cha wafugaji wa kuku. Watu nisiowajua wameongeza bendera na onyo la mwisho wa dunia.

Nikalifuta kwetu. Limefutika kwetu tu. Huko nje linatembea.

Jumamosi, 10 Oktoba

Nimemweleza Mama Neema. Hakunifokea. Afadhali angenifokea.

Jumapili, 11 Oktoba

Sikwenda kanisani. Neema amepiga saa tano asubuhi.

"Daddy, ni wewe? Just niambie ukweli."

Nikasema ni mimi.

Wakubwa wake walimwita ofisini. Wakamwekea mezani karatasi: tangazo langu, limetafsiriwa. Hata salamu zangu za kwanza kwa wapendwa katika Bwana zimetafsiriwa. Safari ya kikosi kizima imebadilishwa. Watu walikuwa wameshaagana na watoto wao. Yeye ameondolewa kwenye orodha, anachunguzwa. Nafasi yake amepewa Furaha, rafiki yake wa hapo hapo Fort Worth, ambaye alikuwa aende na kundi la baadaye, labda Desemba.

Akaniuliza kama nilifanya makusudi. Nikasema hapana. Nilisema haraka mno. Akakata simu.

Haendi!

Niliruka jikoni, mtu mzima na kitambi changu. Mama Neema akalia, akacheka, akalia. Tukakumbatiana karibu na jokofu. Furaha iliyotushika sikuwahi kuijua.

Kisha nikamkumbuka huyo msichana. Pasaka alikula pilau mezani petu. Tukamfungia na ya kubeba, ampelekee mama yake.

Jumanne, 13 Oktoba

Kikundi kimepata habari, si kutoka kwangu. Mungu amejibu, wanasema. Wanataka ibada ya shukrani. Wanamdai katibu tangazo. Siku, saa, mahali.

Kazini kuna mzee wa Kimarekani, mgonjwa wangu wa Jumanne, aliyepigana vita vya zamani. Kaniuliza binti anaondoka lini. Kumbe na yeye nilishamwambia. Nikamjibu kwamba amebaki. Akanishika mkono, akanishukuru kwa utumishi wa binti yangu jeshini. Utumishi gani? Nikakaza mpira wa mashine uliokuwa umekazwa tayari.

Nilijua ni siri. Hilo silikwepi. Aliniambia, nikasema sawa, nikaandika. Je, nilitaka azuiliwe? Wakati naandika sikuwaza hivyo. Au niliwaza na sikujiambia. Nimejiuliza njia nzima ya kurudi nyumbani, nikapitiliza njia yangu ya kutokea barabara kuu.

Alhamisi, 15 Oktoba

Neema hapokei simu. Mama yake anapokelewa. Mimi sipokelewi.

Jumamosi, 17 Oktoba

Fort Worth. Barabara ya 45 alfajiri, peke yangu. Njiani msafara wa malori ya jeshi, marefu, yamefunikwa. Nikapunguza mwendo nikakaa nyuma yao, sijui kwa nini. Kuwapita niliona kama ukosefu wa adabu.

Sikwenda kwa Neema. Nilikwenda kwa Mama Furaha. Ni Mkongomani, aliletwa hapa kama mkimbizi, anafanya kazi ya kupakia maboksi kwenye ghala. Mlango ulikuwa wazi. Furaha kakaa sakafuni katikati ya magoti ya mama yake, anasukwa. Mistari midogo, imelala kabisa kichwani, ili kofia ya chuma ikae.

Mama Furaha akanikaribisha kwa shangwe. Akanishukuru kwa pilau ya Pasaka. Alikuwa hajui.

Nikamwambia. Nilisema nikiwa nimesimama, ufunguo wa gari mkononi. Kwamba binti yake anakwenda badala ya wangu, na kwamba ni mimi, kwa tangazo langu.

Mikono yake ikasimama. Furaha akasema bila kugeuka:

"It's okay, Uncle. Ningeenda tu. Kama si sasa, December."

Alikuwa ananihurumia mimi. Hilo ndilo lililoniuma kuliko yote.

Mama yake akanipa kitana nimshikie, akaendelea kusuka.

"Vita nilikimbiaka na huyu mutoto ku mugongo," akasema. "Sasa anaifwata na miguu yake. Baba Neema, mi sijue nikasirikie nani."

Na mimi sijui. Nilikaa na kitana mkononi hadi mstari wa mwisho. Hakunifukuza, wala hakusema amenisamehe, na sikuthubutu kuomba. Mlangoni akaniambia:

"Mumuombee. Jina, andika. Siku, sitakuambia."

Sikuwa nimeuliza. Nilitaka kusema hivyo. Nikaenda garini, maana anayo haki.

Jumatano, 21 Oktoba

Majeruhi wa kwanza wameletwa ghorofa ya tano. Wawili wanahitaji mashine yangu. Watoto kabisa. Mmoja ananiita sir.

Jumapili, 25 Oktoba

Mvua tangu asubuhi. Nimewaambia kikundi kwamba ibada ya shukrani haipo. Kisha nikaandika tangazo jingine. Limenichukua saa nzima, nalo ni fupi kuliko yote niliyowahi kuandika.

"Tumwombee Furaha. Anasafiri."

Majibu yakaja mbio. Katibu, tarehe? Katibu, saa ngapi? Katibu, anasafiri kwenda wapi? Mmoja niliyewahi kumrudishia tangazo lake mwaka juzi akalirudisha langu, na vicheko. Ana haki yake.

Kama ameondoka au bado anapanga begi, sijui. Nikaweka simu kifudifudi, nikala, nikaosha vyombo.

Niliporudi kuitazama, katikati ya maswali yale palikuwa na jina la Neema. Hajawahi kuandika kitu kwenye kikundi hicho tangu nimwingize.

"Amina."

Basi. Nimeisoma sana. Sijui kama ni ya Furaha peke yake, au na mimi nimo kidogo. Mama Neema anasema nisimpigie, nimwache. Nimemwacha. Simu iko hapa karibu na kalamu.