Usinifunike Khanga

Mandewa, Jumanne

Bado nalifikiria lile swali la daktari. "Mama, degedege lake likianza, mkono upi unatangulia kucheza? Uso anaugeuzia wapi?"

Mama akainama. "Sijui, daktari. Akianguka tu namfunika khanga, watu wasimwone."

Mimi nakumbuka harufu ya mpira unaoungua, basi. Daktari anasema harufu hiyo huenda inaanzia kwenye ubongo usawa wa sikio, ila kama ni kulia au kushoto, lazima mtu aniangalie. Ubongo nimeuchora kwenye Baiolojia, majina yote kwa Kiingereza, na wangu siujui!

Jioni nzima nimezunguka jikoni. Najiona nimeanguka, mate yananitoka, labda na sketi imepanda, halafu watu wananitazama... Lakini nisipoangaliwa, dawa itaendelea kubahatishwa.

Mwishowe nikasema, "Mama, siku nyingine usinifunike. Niangalie."

"Na majirani je?"

"Nao waangalie."

Akaendelea kusonga ugali. Halafu, bila kugeuka, akasema, "Miguu nitakufunika. Uso na mikono nitaangalia."