Wakala na Klabu ya Uzbekistani

Jidda, usiku wa kuamkia Ijumaa, Rajabu 1436

Bado simwamini yule wakala. Amekuja kutoka Riyadh pamoja na mjukuu wangu Salimu, akatusimulia tarikhi ya klabu moja ya mpira ya Uzbekistani: ilivyoanzishwa na wafanyakazi wa kiwanda cha pamba, ilivyobadilishwa jina Warusi walipoondoka, ilivyotwaa kombe. Ati sasa inamtaka Salimu, dereva wa watu, akaichezee.

Nikamuuliza, "Haya umeyapokea kwa nani?"

"Mzee wangu, yanajulikana."

Salimu akacheka. "Babu, huu ni mpira! Nao unautakia sanadi ya wapokezi, kama hadithi ya Mtume?"

Baada ya Isha nilimwendea jirani yetu Mbukhari, mtu wa asili ya Uzbekistani, ambaye jamaa zake wangali huko. Amethibitisha kila neno: kiwanda, majina, kombe. Hapo ndipo shaka yangu ilipozidi. Wakala huyu anawajua wafungaji waliokwisha kuzeeka, lakini nilipomuuliza jina la kocha wa leo, na nani atampokea kijana uwanja wa ndege, alitazama saa yake. Ukweli wa jana si dhamana ya...

Nimempigia Salimu simu hotelini walikofikia, nikamwusia asimwache kafili wake, tajiri anayemdhamini kibali cha kazi, kabla hatujajua mbivu na mbichi.

"Babu, nimeshamwacha. Pasipoti anayo wakala."

"Naye yuko wapi?"

"Ametoka tangu Magharibi. Simu yake haishiki."

Sikumkemea. Nimevaa viatu, namngoja Salimu anipitie tukamtafute wakala.