Sifuri ya Tatu

Mzee Wafula,

Nakuandikia kwa penseli yako, ile nene ya seremala ambayo mimi na diploma yangu tuliicheka. Nimeshainoa kwa kisu mara mbili. Karakana yetu ya Kibomet, hapa Kitale, bado iko wazi. Mlango bado unagoma mvua ikinyesha, na benchi lako la nje simruhusu mtu kulikalia. Wateja wananiona mkali bure.

Mkebe wako wa mahindi pia upo. Wageni huuliza kama tunafuga kuku, nami huwaeleza: Mzee alikuwa na mita mpya na jedwali la kale, la enzi za mashamba ya wazungu, na hivyo viwili havikuelewana. Mita ilipima ukinzani wa maungio ya shaba kwa maikro-ohm. Jedwali lilitumia abohm, kipimo kidogo zaidi, ambacho wewe ulikiita kitoto. Maikro-ohm moja ni vitoto elfu. Kwa hivyo ulipanga punje tatu mezani, ukasukuma moja kwa kila sifuri unayoongeza, ukihesabu kwa sauti kama mtoto wa nasari. "Weka punje, Wambui. Sifuli haina mdomo, ikipotea haikuiti."

Nilikuwa naona haya, Mzee. Haya tupu. Mbele ya watu, mtu aliyesoma, kucheza na mahindi!

Siku ile Sirisia, kwenye kinu cha kusaga unga cha Mama Nasimiyu, wewe ulikuwa unafunga mota, ukaniachia nipime maungio ya waya mkubwa. Wanawake walikuwa wamepanga foleni na madebe yao, wananitazama. Sikutoa punje. Mita ilisoma mia nne. Nikazidisha kichwani haraka haraka, nikaandika kwenye daftari: elfu arobaini. Jedwali liliruhusu hadi elfu hamsini. Ukaniuliza bila kuinua kichwa, "Umehesabu na punje?" Nikasema ndiyo.

Jibu lilikuwa laki nne. Maungio yalikuwa yamelegea, nami nikayapitisha.

Yaliungua wiki mbili baadaye, siku ya soko. Hakuna aliyeumia, namshukuru Mungu, lakini boksi la swichi liligeuka mkaa na mota ikaharibika. Tulipofika, mimi nilianza kufungua mabaki, wewe ukachukua daftari kwenye mfuko wa vifaa ukasimama nalo mlangoni. Kisha ukavua kofia mbele ya Mama Nasimiyu. "Makosa ni ya macho yangu, mama. Ni uzee." Nilikuwa nyuma yako, nikitazama viatu vyangu.

Maneno hayo yalifika Kitale kabla yetu. "Ati mzee ameisha, bana." Watu wakaanza kuuliza ni nani atakayepima kazi yao, na nilipotaja jina lako walikohoa. Ndipo ukahamia benchi la nje. Ulisema unafuata jua. Nilijua si jua, na kila asubuhi nilijiambia nitasema leo. Presha ikakuchukua kabla ya mavuno.

Tulikuzika kwenu Sirisia. Siku ya kunyoa, ile ya kufunga matanga na kumaliza madeni ya marehemu, wazee wa ukoo waliuliza kama kuna yeyote mwenye neno na marehemu, alitoe sasa. Walisimama watu wanne. Nami nilikuwa na neno, na sikusimama.

Juzi nilishusha daftari la kazi nitafute vipimo vya mota fulani. Likafunguka ukurasa wa Sirisia. Chini ya elfu arobaini yangu kulikuwa na mwandiko wako wa penseli: laki nne. Pembeni ulichora punje tatu, na ya tatu umeizungushia duara. Kwenye kona kuna alama ya dole gumba lako, nyeusi kwa masizi.

Masizi, Mzee. Uliandika palepale mlangoni. Ulijua kabla hujavua kofia.

Nililia hadi jirani, fundi wa baiskeli, akaja kuuliza kama umeme umenipiga.

Jana nilienda Sirisia na daftari hilo. Nilimwonyesha Mama Nasimiyu ukurasa, nikampangia punje tatu juu ya mfuniko wa debe, nikamweleza ni ipi niliyoiruka na nani aliyeiruka. Alinisikiliza mpaka mwisho. Hakunitukana. Aliuliza tu, "Sasa si ungesema akiwa hai?"

Nimebeba swali hilo kutoka Sirisia hadi Kibomet na nitazeeka nalo.

Kutoka kwake nilipita kaburini. Nilikwambia kwa mdomo, lakini niliruka maneno, ndiyo maana naandika. Nilidanganya, Mzee. Sikuhesabu. Macho yako yalikuwa mazima.

Lala salama, fundi wangu. Jumapili ya mwisho wa mwezi, jamaa zako watakapokutana nyumbani kwenu, nitasimama niseme neno nililokunyima siku ya kunyoa, na watu wa Kitale nitawaambia mmoja mmoja, hapo kwenye benchi lako. Na mbele ya mteja yeyote, hata awe mhandisi mwenye tai, nitatoa punje nihesabu kwa sauti. Moja. Mbili. Tatu.

Mwanafunzi wako,
Wambui