Karani Alivyomsikiliza Chiriku

Chumba Na. 4,
Nyuma ya Kiwanda cha Magodoro.
Jumapili, 16 Novemba.

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. U hali gani huko mbali, na mguu je, bado unavimba jioni? Usinijibu "sijambo" ya kunifurahisha tu. Nataka kujua kama unapanda ngazi bila kushika ukuta. Sisi tunapumua, na hiyo ndiyo afya yenyewe. Mdogo anaota meno ya juu, ameshakula kona ya mto wake. Baba yao yuko zamu mpaka Jumapili ijayo, tunapishana mlangoni kama wapangaji. Nimechoka, lakini leo sikuandikii kwa ajili ya uchovu. Nina jambo la kukusimulia ambalo mimi mwenyewe bado nalishangaa.

Uliniuliza kama Chiriku amerudishwa darasa. Nilichelewa kujibu kwa sababu jibu lenyewe lilikuwa halijapatikana. Wewe ndiye uliyempa jina hilo kwa wingi wa maneno yake, na nyumbani ni chiriku yule yule. Lakini tangu aingie la tatu, akiambiwa asome mbele ya wenzake ulimi unaganda. Anaanza, anakwama, anaanza tena. Wakampachika jina la Gari Bovu. Akisimama tu, huko nyuma wanaanza: "Trrr, trrr, trrr... Sukumeni jamani, haliwaki!" Mwalimu wake hakunificha: asipoweza kusoma ukurasa mmoja kwa sauti kabla shule haijafungwa, atarudia darasa, akae na watoto aliowazidi kimo.

Na mimi nyumbani sikuwa dawa. Kila jioni nilimkalisha mezani, kidole changu kwenye mstari, na akisita kidogo nimeshamtajia neno. Niliona namsaidia, kumbe namnyang'anya tonge mdomoni. Siku nyingine nilipandisha sauti, nisikufiche. Ikafika mahali akiona kitabu tu anashika tumbo.

Sasa nisikilize. Unajua nafanya usafi kwenye kliniki ya wanyama, na Chiriku akitoka shule hunisubiri pale. Mwezi wa tisa aliletwa mbwa aliyegongwa na pikipiki, mwenyewe hajulikani. Mguu wa mbele ukafungwa plasta, akawa anaunyoosha mbele yake kama mtu anayengoja kuletewa faili atie sahihi. Tukamwita Karani. Mimi na mbwa unatujua; chumba alicholazwa nilikipiga deki nikiwa nimebana ukutani. Akiachwa peke yake alilia mchana kutwa, chakula hagusi. Daktari wetu, mama asiye na maneno mengi, akamgeukia Chiriku: "Wewe unayo maneno ya kutosha. Kaa kando ya kizimba umwongeleshe. Akisikia sauti ya mtu atatulia."

Alimwongelesha. Akamsimulia shule nzima, akamsimulia mpaka meno ya Mdogo. Siku ya tatu maneno yakamwishia. Chiriku kuishiwa maneno, Shangazi, hebu fikiria! Ndipo akatoa kitabu cha kusoma begini.

Nilikuwa kwenye korido na ndoo yangu. Nikasikia sauti inasoma, nikadhani ni yule binti wa mapokezi. Inakwama, inarudi nyuma, inalisogelea neno polepole, inalipata, inaendelea. Nikachungulia. Mwanangu amekaa sakafuni, na Karani amelaza kidevu juu ya plasta, sikio moja limesimama. Alipokwama, mbwa alimtazama tu. Hakuna aliyecheka, hakuna aliyemtajia. Akalivuka neno mwenyewe. Nilisimama pale tambara likinichuruzikia maji miguuni.

Kisha nikafanya upumbavu. Niliingia mbio, nikamkumbatia, nikamwambia, "Msomee na Mama!" Akafunga kitabu. Siku nne hakukigusa, na Karani akarudia kilio chake. Daktari akaniita pembeni.

"Mama Chiriku, yule mbwa ana kazi moja tu, na wewe umeiingilia."

"Kwani mbwa anajua kusoma?" nikamuuliza kwa hasira.

"Hajui. Ndiyo maana hawezi kumkosoa."

Akanieleza kwamba kufundisha ni kwa mwalimu, mbwa hafundishi mtu. Yeye anaondoa woga, basi, na mtoto asiye na woga hurudia neno mpaka neno limzoee.

Nikajifunza kusikiliza nikiwa nimempa mgongo. Korido ile niliipiga deki mara tatu kwa siku. Tangu kliniki ijengwe haijang'aa vile. Chiriku akarudi kizimbani taratibu. Kitabu cha kwanza kikaisha, akaazima kingine. Plasta ikatolewa, na Karani akawa anamngoja mlangoni saa tisa, anamfuata mpaka kwenye kona yao, anajibwaga. Jirani yetu fundi cherehani alipopata habari akacheka mpaka sindano zikamtoka mdomoni: "Akifaulu, cheti anapewa nani, mtoto au mbwa?" Nikamwambia watagawana.

Lakini darasani Gari Bovu lilikuwa bado haliwaki, na shule ilikaribia kufungwa. Nikamfuata mwalimu.

"Mama, unataka nije nimsikilize mwanafunzi akimsomea mbwa?"

"Ndiyo, mwalimu."

"Mbwa."

"Mpole, mwalimu."

Alicheka, lakini Ijumaa alikuja. Sikutaka kumvizia mwanangu, nikamwambia wazi kwamba mwalimu atakaa nyuma ya mlango. Akafikiri. "Atanyamaza?" Nikasema atanyamaza. "Na wewe?" Nikasema nitajitahidi.

Mwalimu alikaa juu ya ndoo niliyoipindua, mimi kando yake. Chiriku akaanza, sauti ndogo, mkono mmoja shingoni kwa Karani. Katikati ya ukurasa akakutana na neno refu, akakwama. Nikaliuma pindo la aproni. Nikamwona mwalimu anafungua mdomo, nikamshika goti, Mungu anisamehe, mwalimu mzima! Akaufunga. Karani akapiga miayo. Chiriku akarudi mwanzo wa neno, akalipanda kama anayepanda ngazi gizani, mguu mmoja mmoja, akatokea upande wa pili. Ukurasa ukaisha. Akafunua wa pili bila kuombwa na mtu.

Mwalimu alivua miwani, akakaa nayo mkononi. "Miaka kumi na tisa nafundisha," akasema, "na sijawahi kumsubiri mtoto kiasi hicho."

Basi jibu lako ni hilo, Shangazi: anapanda la nne. Ila mwalimu aliniachia neno moja. Darasani hakuna mbwa, alisema, na kutoka kwa mbwa mpaka kwenye watu arobaini ni mbali. Hapo katikati panatakiwa mtu mmoja. Alisema hivyo huku ananitazama mimi.

Ndiyo maana leo mchana, Mdogo alipolala, sikumwita mezani. Nilikaa chini kwenye mkeka, nikamwambia, "Ukitaka nisomee. Sitasema kitu." Alinitazama kama anayepima maji kabla ya kuingia. Akaanza. Mstari wa kwanza alinitupia jicho kila neno, anangoja nimnyang'anye. Ukurasa wa pili alinitazama mara moja. Na hapo, naona aibu kukuandikia, usingizi ukanichukua.

Sijui nililala kiasi gani. Niliposhtuka, kanihamishia mto wa Mdogo chini ya kichwa, na alikuwa bado anasoma. Alikuwa amesonga kurasa nyingi mbele, kwa sauti ya chini asituamshe, na hakuwa anamwangalia mtu. Sikujitikisa. Nilifumba macho nikamsikiliza mtoto niliyemzaa mwenyewe kana kwamba simjui. Nilizoea kudhani mapenzi ni kusaidia. Sikujua kama kunyamaza nako kuna uzito namna hii.

Mpe salamu Mjomba fundi saa, na wale mapacha wako wawili. Waambie dada yao hajawasahau. Msalimie na nesi anayekufunga mguu, mwambie mkono wake Mungu aubariki. Nawe Mungu akulinde, akupe usingizi mnono na miguu isiyolalamika, na atukutanishe tukiwa wazima.

Chiriku yuko hapa kando yangu ninapoandika, kafungua sura nyingine. Ngoja kidogo, Shangazi, amekwama. Neno lenyewe naliona kutoka hapa nilipo. Nimeishika kalamu tu.

Amelipata.

Wako akupendaye, asiyekutoa moyoni,
Binti wa kaka yako,
Mama Chiriku